Penseli ina uhai, wino unakufa: ni kiungo gani cha mwili kinachochora, na mwili wa msomaji unapokea nini?

penseli_laini

Wakuu, habari za kazi.

Naomba mwongozo kwa wanaochora hadithi za picha. Tatizo ni hili: rasimu ya penseli inachangamka, ukiipitishia wino inakauka. Karatasi ni A4, wino ni wa kuchovya kwa nibu (ncha ya chuma ya kalamu), rasimu inahamishwa kwa meza ya mwanga (yenye taa chini ya karatasi). Mistari mifupi kama kope, mikunjo ya kola na vidole inatoka safi. Mstari mrefu wa mgongo au paja unatoka na vimenomeno kama ukingo wa msumeno, na unene wake ni uleule mwanzo hadi mwisho.

Maswali:

1. Mstari upi unavutwa na kiungo kipi? Vidole, kifundo cha mkono, kiwiko au bega?
2. Wahusika wanasimama kama wamebandikwa, hawana uzito. Kosa liko wapi?
3. Msomaji naye ana macho na mikono. Jinsi anavyoshika kitabu au simu ibadilishe nini kwenye mpangilio wa ukurasa?

Majibu yenye vipimo yatasaidia zaidi kuliko "fanya mazoezi".

---

mkono_wa_wino

Mkuu, nibu yako haina kosa. Kiungo ndicho kisicho sahihi.

Kila kiungo cha mkono hufanya kazi kama bikari: kinachora tao, na upana wa tao unategemea umbali kutoka kwenye kiungo hadi ncha ya kalamu. Vidole peke yake vinatoa mstari wa sentimita 2, au 3 ukijikaza. Kifundo cha mkono, upande wa kiganja ukiwa umelala kwenye karatasi, kinatoa tao zuri la sentimita 6 hadi 8. Ukipita hapo kalamu inaanza kujipinda kurudi kwako. Kiwiko kinafika sentimita 25 bila taabu. Bega linabeba yanayobaki.

Sasa pima mstari unaotoka kwapani hadi kisigino cha mhusika aliyesimama kwenye fremu (kisanduku cha picha) ya nusu ukurasa wa A4. Unakaribia sentimita 10. Umeshavuka mpaka wa kifundo, lakini kiganja bado kimelala. Kwa hiyo unavuta kipande, unasogeza kiganja, unaunga, unavuta tena. Msumeno unaouona nusu yake ni hayo maungio.

Nusu nyingine ni mtetemo. Mkono wa mtu mwenye afya kabisa hutetemeka mara 8 hadi 12 kwa sekunde, na hakuna mazoezi yanayoufuta. Chukua mara 10. Mstari wa sentimita 10 ukiuvuta kwa sekunde 4 unapata mawimbi 40, kila moja milimita 2.5, na jicho linayaona yote. Ukiuvuta kwa sekunde 1 unapata mawimbi 10 tu, kila moja sentimita nzima, yamelala kiasi kwamba yanasomeka kama mkunjo wa kawaida. Haraka haraka haina baraka ni kweli kwenye mengi, ila si kwenye mstari mrefu wa wino.

Hapo ndipo siri ya penseli ilipo. Ukichora rasimu unatafuta, hujali, mkono unapita haraka. Ukipitisha wino unafuata ukingo uliokwisha kuwepo, jicho limeganda kwenye ncha ya nibu, mkono unajikunyata kama mtu anayetembea juu ya ukuta. Fanya hivi:

Geuza karatasi kwanza. Tao la kiungo lina tumbo linalotazama nje na shimo linalotazama kiungo. Zungusha karatasi mpaka mkunjo unaoutaka ulale juu ya tao hilo. Ukikuta unapindisha mwili ili uufikie mstari, karatasi haijageuzwa vya kutosha. Isibandikwe kwa gundi ya karatasi kwenye pembe zote nne. Pembe moja au hakuna.

Pitisha kalamu hewani mara 2 au 3 juu ya njia yake bila kugusa. Bega linajifunza urefu.

Hamisha macho: yatazame mahali mstari unapoishia, yasitazame ncha. Ukitembea hutazami unyayo wako.

Toa pumzi polepole na uvute mstari ndani ya pumzi hiyo. Kifua kinachojaa hewa kinanyanyua bega, na bega likinyanyuka mstari unaruka.

Ncha iinuke kabla mkono haujasimama. Mkono ukisimama nibu ikiwa bado chini, wino unajikusanya na kuacha tone mwishoni.

Kuhusu unene: nibu ina meno mawili yanayoachana ukiikandamiza. Yanaachana vizuri ukivuta kuelekea kwako. Ukiisukuma mbele yanachimba karatasi, yanakamata unyuzi, halafu yanaruka na kurusha matone. Kwa hiyo unene uongezeke katikati ya mstari unaovutwa chini, pale mwili unapobeba uzito: chini ya paja, chini ya kidevu, kisigino. Mwanzo na mwisho gusa tu.

Brashi ni habari nyingine. Namba 2 au 3 inatosha karibu kila kitu. Ishike wima zaidi kuliko kalamu, kiganja kiwe juu, kidole kidogo kiguse karatasi kama kigingi kinachoteleza. Chovya nusu ya nywele tu. Wino ukifika kwenye chuma unakaukia pale kwenye shina, nywele zinatawanyika na ncha haikutani tena.

---

karatasi_kubwa

Naongezea moja ambalo mkono_wa_wino amelipita: ukubwa wa karatasi ndio unaochagua kiungo kabla wewe hujachagua.

Waliokuwa wakichora vitabu vya katuni Marekani walitumia eneo la takriban inchi 12 kwa 18 hadi kama mwaka 1967, ndipo kipimo kikashuka hadi inchi 10 kwa 15, na hicho ndicho kinachotumika hadi leo. Weka kurasa za vipindi hivyo viwili pembeni kwa pembeni. Kwenye zile kubwa umbo zima la mtu linavutwa na kiwiko. Kwenye ndogo kazi nyingi imehamia kwenye kifundo. Watu walewale, wino uleule, mistari tofauti.

Kwa anayechora kwenye A4, hamia A3. Kila mstari unarefuka mara 1.41, na ukipunguzwa kurudi A4 unabaki asilimia 71. Mtetemo nao unapungua kwa kiasi hichohicho. Lakini angalia upande wa pili wa shilingi: mstari mwembamba wa milimita 0.2 unakuwa 0.14, na kwenye karatasi ya kunyonya wino unaweza kukatika. Mstari wako mwembamba kabisa kwenye A3 usishuke chini ya milimita 0.3. Herufi vilevile: ukitaka herufi kubwa ya milimita 2.3 kwenye chapa, kwenye A3 iandike milimita 3.2.

Na usiikuze rasimu halafu ukaifuata kama reli. Rasimu ndogo ya sentimita 6 imechorwa na vidole. Ukiikuza mara tano kwa mashine unapata ramani ya mtikisiko wa vidole, halafu unaliomba bega lifuate mtikisiko huo. Chukua kutoka kwenye rasimu mambo matatu tu: mstari wa kitendo unaopita kichwani hadi mguuni, mwinamo wa mabega, mwinamo wa nyonga. Mengine yachore upya kwa ukubwa mpya.

---

nyonga_na_uzito

Swali la pili ni langu.

Mhusika anayeonekana amebandikwa, mara nyingi mabega yake na nyonga zake ziko sambamba. Mtu akisimama kwa kuegemea mguu mmoja, nyonga ya upande wa mguu huo hupanda, na bega la upande huohuo hushuka. Mistari hiyo miwili inafungana upande mmoja kama mkasi. Halafu shusha timazi kutoka kwenye shimo la koo, pale mifupa ya mtulinga inapokutana: mtu aliyeegemea mguu mmoja bila kujishikiza popote, timazi inaangukia kwenye unyayo wa mguu huo. Ikiangukia nje ya nyayo zote mbili, mhusika anaanguka. Kama hadithi haisemi anaanguka, umekosea.

Uzito wa kitu hauchorwi kwenye kitu, unachorwa kwenye mwili. Mfano mtu amebeba ndoo ya maji ya lita 20, maana yake kilo 20 na ushee, kwa mkono wa kulia. Bega la kulia limevutwa chini na mbele kidogo. Mkono wa kulia umenyooka kabisa, kiwiko hakina mkunjo, kwa sababu kukunja kiwiko chini ya mzigo ni kuchosha misuli bure na mwili haukubali. Kiwiliwili kizima kimeegemea kushoto. Mkono wa kushoto umetoka pembeni, vidole vimepanuka, ndio mizani yake. Kichwa kimerudi wima kwa sababu macho yanataka kuwa sawa na upeo. Mguu wa kulia unapiga hatua fupi. Kwenye vidole vinavyoshika, mpini umezama kwenye maungio ya katikati, na ngozi imejikunja pembeni mwa mpini. Ndoo yenyewe unaweza kuichora kwa mistari minne. Ukikosea bega, hata uchore maji yanayomwagika, ndoo itakuwa tupu.

Ndiyo maana ni lazima uinuke kwenye kiti. Beba kitu kizito kweli, simama sekunde 20, sikiliza ni wapi panauma. Panapouma ndipo wino unenepe. Kioo kidogo mezani kinatosha kwa uso na mikono, lakini kwa mwili mzima hisia ya misuli ni bora kuliko kioo, maana ukigeuza shingo utazame kioo umeshaharibu mkao.

Ukitumia picha ya simu, iweke mbali. Kamera ikiwa mita 1 kutoka usoni na umenyoosha ngumi kuielekea, ngumi iko kama sentimita 40 kutoka kwenye kamera na uso sentimita 100. Ngumi inatoka mara 2.5 ya ukubwa wake. Ukirudi mita 3 na kuvuta picha karibu, tofauti inashuka hadi mara 1.25. Zote mbili zinafaa, ya kwanza kwa ngumi inayomjia msomaji, ya pili kwa mazungumzo. Kosa ni kunakili ya kwanza ukidhani ndiyo vipimo vya mwili.

Vipimo vya kukumbuka: mtu mzima ni vichwa 7.5, shujaa hurefushwa hadi 8. Macho yako katikati ya kichwa, si juu zaidi. Kiganja hadi ncha ya kidole cha kati ni sawa na kidevu hadi mwanzo wa nywele. Unyayo unalingana na mkono kutoka kwenye mkunjo wa kiwiko hadi kifundo, na huo wa unyayo ndio watu wanaukosea zaidi; miguu hutoka midogo, mwili unakosa msingi.

Mwisho, chagua sekunde sahihi. Ngumi inapogusa shavu ndiyo sekunde mbaya kuliko zote, kwa sababu mwili wa mpigaji uko katikati ya safari na hauna mvutano wa upande wowote. Chora ngumi imevutwa nyuma, kiuno kimezunguka, kisigino kimeinuka; au baada, bega limepita kidevu na mpigwaji ameshayumba. Msomaji anaijaza iliyobaki kwa mwili wake mwenyewe.

Kipimo cha haraka: jaza umbo lote kwa weusi, lipunguze hadi sentimita 3. Kama kitendo hakisomeki, tatizo ni mkao, na mistari mizuri haitauokoa.

---

jicho_na_gumba

Nami nachukua la tatu, maana wachoraji wengi hupanga ukurasa kana kwamba msomaji ni jicho moja kubwa linaloona kila kitu sawasawa.

Nyosha mkono mbele, inua gumba, tazama kucha. Upana wake ni kama nyuzi 2 za pembe, na hilo ndilo eneo pekee ambalo jicho linaona kwa ukali kamili. Kitabu kikiwa sentimita 40 kutoka usoni, nyuzi 2 ni duara la milimita 14. Ukurasa wenye upana wa milimita 170 unachukua nyuzi 24. Kwa hiyo msomaji anausoma ukurasa kwa viduara, jicho likiruka mara 3 hadi 4 kwa sekunde na kutua. Mahali pa kutua panachaguliwa na pembe ya jicho, ambayo haioni maelezo lakini inaona vizuri sana weusi mwingi, nyuso, na kitu kilichojitenga.

Matokeo yake kwa mchoraji ni ya moja kwa moja. Ukimwaga weusi mzito kwenye fremu ya tano, jicho litaenda tano kabla ya mbili. Macho hayana pazia: kurasa mbili zikifunguliwa, msomaji ameshaiona picha kubwa ya ukurasa wa kulia hata kabla hajasoma neno la kwanza la kushoto. Siri haifichwi kwenye ukurasa wa kulia. Kwenye kitabu kinachosomwa kushoto kwenda kulia, kurasa za namba shufwa ziko kushoto, na zinaonekana tu mkono ukishageuza karatasi. Swali liwe fremu ya mwisho ya ukurasa wa kulia. Jibu liwe la kwanza kwenye shufwa inayofuata. Kwa vitabu vya Kijapani vinavyosomwa kulia kwenda kushoto, pande zinabadilishana, kanuni ni ileile. Mkono unaogeuza ndio unaofungua pazia, na ile nusu sekunde ya karatasi kupita hewani ni muda wa hadithi ambao hukuulipia kwa fremu hata moja.

Gumba linakaa pembe ya chini upande wa nje. Maneno yasikae hapo: acha milimita 10 hadi 12 kutoka ukingo uliokatwa. Upande wa mgongo wa kitabu, kama ni cha gundi, acha 15 au zaidi, la sivyo msomaji atalazimika kukipasua kitabu kwa magumba mawili ili asome kiputo cha maneno.

Mpangilio unaokosewa sana: fremu mbili zimepangwa juu na chini upande wa kushoto, na moja ndefu upande wa kulia. Msomaji akimaliza ile ya juu kushoto, mazoea ya kusoma yanamvuta kulia, lakini ukuta wa fremu ndefu unamwambia ashuke. Wengi hushuka, baadhi huenda kulia, na huwezi kujua yupi ni yupi. Usiwaachie bahati. Weka kiputo kinachovuka pengo kutoka ya juu kwenda ya chini, au mhusika wa fremu ya juu atazame chini, au mkono wake uelekee chini. Macho ya msomaji hufuata macho ya mhusika karibu bila hiari. Ndiyo maana pia mhusika wa mwisho kwenye ukurasa asitazame nje ya kitabu ilhali kuna fremu nyingine ya kusoma.

Anayezungumza kwanza akae kushoto. Mkia wa kiputo uelekee mdomoni, usielekee tumboni, na ukomee katikati ya safari, haulazimiki kugusa.

Kuhusu umbali: fremu inayokata uso kwenye paji na kidevu inamweka msomaji mahali ambapo katika maisha anasimama mtu wa karibu sana tu, chini ya sentimita 45. Edward T. Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, alizipanga hizo daraja miaka ya 1960: hadi sentimita 45 ni ya ndani, hadi 120 ni ya binafsi, hadi mita 3.6 ni ya kijamii. Uso wa karibu kwenye kila fremu ni sawa na mtu anayekupumulia muda wote. Mwili unarudi nyuma, na msomaji anaacha kuhisi kitu. Tumia moja, mbili kwa ukurasa, pale inapouma.

Uso wenyewe usiujaze. Misuli ya msomaji inaitika uso anaouona: vipimo vya umeme wa misuli vilivyofanywa tangu miaka ya 1980 kwa picha za nyuso vilionyesha msuli wa shavu unaamka kidogo mtu akitazama tabasamu, na ule unaokunja nyusi unaamka akitazama hasira, hata kama usoni mwake huoni chochote. Kwa hiyo nyusi na pembe za mdomo zifanye kazi yote. Mikunjo kumi ya paji haimwongezei msomaji kitu. Inazeesha mhusika tu.

Kwenye simu mambo yanageuka. Upana uliozoeleka wa faili za hadithi zinazosomwa kwa kusogeza kioo ni pikseli 800. Kioo cha simu chenye upana wa milimita 68 kinafanya pikseli 1 kuwa milimita 0.085, kwa hiyo herufi kubwa ya milimita 2.2 inahitaji pikseli 26. Chini ya 22 msomaji anaileta simu puani. Kioo kirefu kinaonyesha kama pikseli 1,600 kwa mara moja. Fremu ndefu kuliko hapo haitaonekana nzima kamwe, ipange iwe ya kushuka: mtu anayeanguka, ngazi, mti. Pengo la pikseli 200 ni hatua ya kawaida. Pengo la 800 ni kimya, kwa sababu gumba linalazimika kufanya kazi bila kulipwa picha. Hapo pazia la ukurasa halipo, gumba ndilo pazia, na siri yako ikae pikseli 1,600 chini ya swali ili zisikutane kwenye kioo kimoja.

---

penseli_laini

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilichoomba. Nyongeza mbili. Kwenye tableti, kile kirekebishi cha mstari kwenye programu ya kuchorea, kinacholainisha mtetemo, kiwashwe au kizimwe? Na ganzi ya vidole baada ya kurasa mbili za wino inasababishwa na nini hasa?

---

kano_na_neva

Ganzi isomwe kwa vidole, maana kila neva ina vidole vyake.

Gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete: ni neva inayopita katikati ya kifundo cha mkono. Inabanwa kifundo kikikunjwa kwa muda mrefu, hasa kinachoning'inia kwenye ukingo wa meza au kilichopinda juu kwa sababu tableti ni nene. Kifundo kiwe kimenyooka na mkono wa mbele ulale mezani.

Kidole kidogo na nusu ya cha pete: neva inayopita nyuma ya kiwiko. Sababu ni kuegemea kiwiko kwenye meza ngumu, au kukikunja zaidi ya pembe mraba kwa saa nzima. Weka kitambaa kilichokunjwa, vuta kiti karibu.

Maumivu makali chini ya gumba, upande wa mkono, si ganzi: hizo ni kano za gumba. Fumbata gumba ndani ya ngumi, inamisha ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole kidogo. Kama pale panachoma, umekuwa ukikaba kalamu. Kalamu nyembamba ya milimita 7 inahitaji kubanwa. Izungushie sponji ifike milimita 10 hadi 12 na vidole vitalegea vyenyewe.

Shingo nayo isisahaulike. Kichwa cha mtu mzima ni kama kilo 5, na kadiri unavyokiinamisha ndivyo misuli ya nyuma inavyobeba mara kadhaa ya uzito huo. Inua ubao nyuzi 20 hadi 30 kwa wino. Kwa penseli unaweza kufika 45, ila kwa wino ukizidisha, tone linatiririka kwenye ukingo wa chini wa mstari kabla halijakauka.

Dakika 25 za kazi, 5 za kuning'iniza mikono na kutazama mbali, angalau mita 6. Kwenye kioo watu hupepesa macho mara chache zaidi, ndiyo maana yanakauka. Ganzi isiyoondoka usiku, au vidole vinavyoanza kuangusha vitu, hiyo si ya jukwaani tena. Nenda kwa daktari mapema, kabla misuli ya chini ya gumba haijapungua.

Panga kazi kwa viungo pia, usipange kwa fremu. Mistari yote mirefu ya ukurasa ivutwe kwanza, bega likiwa limepata moto, kisha nguo, kisha nyuso na mikono.

---

mkono_wa_wino

Hapo mwisho nakupinga kidogo, kano_na_neva. Nyuso zianze. Uso ukiharibika ukurasa umeharibika, na ni afadhali ujue baada ya dakika 10 kuliko baada ya saa 3. Duara chache za bega kwenye karatasi chakavu zinatosha kulipasha moto baadaye. Pia wino mbichi wa mistari mirefu ndio unaofutwa na kiganja kinapolala ili kuchora kope.

Kuhusu kirekebishi: kiwe chini, kisizimwe kabisa kama tableti ni ndogo. Tableti isiyo na kioo ya ukubwa wa A6 ikiendesha kioo kikubwa, sentimita 1 ya mkono inakuwa 3 au zaidi mbele ya macho, na mtetemo unakuzwa vilevile. Kidogo kinasaidia. Kikiwa juu, mstari unabaki nyuma ya ncha, pembe kali zinaviringika, na viwiko vya wahusika vinakuwa kama mipira ya maji. Mkono nao unaacha kupata habari za kosa lake, kwa hiyo haujirekebishi.

Hatari kubwa zaidi ya kidijitali ni kukuza. Ukikuza asilimia 400 kila kope inavutwa kwa kiwiko, na ukirudi kwenye ukubwa halisi kope na paja vina sauti moja. Fungua dirisha la pili linaloonyesha ukurasa mzima kwa ukubwa wa chapa, na usikuze zaidi ya 200 isipokuwa unafuta.

---

karatasi_kubwa

Neno kwa wenye mikono inayotetemeka kuliko kawaida, kwa umri au ugonjwa, maana uzi kama huu unaweza kuwakatisha tamaa. Mstari uliotetemeka kote kwa usawa unasomeka kama sauti ya mchoraji. Kinachosumbua jicho ni mmoja uliotetemeka kati ya kumi iliyonyooka. Chora kwa mipigo mifupi ya makusudi ya sentimita 1 hadi 2, acha nafasi ndogo kati yake badala ya kuunga, na kila umbo ulipe weusi mwingi. Kalamu ya ncha ya nyuzi inasamehe kuliko nibu kwa sababu haina meno ya kukamata karatasi.

Na kusoma si lazima kuwe kwa macho. Mwaka 2013 mbunifu Philipp Meyer alitengeneza hadithi fupi ya picha kwa wasioona, ambayo wahusika wake ni miduara ya nukta zilizoinuliwa. Wanaotaka kujaribu wazingatie kwamba ncha ya kidole inasoma eneo dogo kwa wakati mmoja na haina pembe ya jicho ya kuitangulia. Mhusika awe umbo moja rahisi lenye mguso wake, fremu zote ziwe na ukubwa mmoja, na kila safu ianze mahali palepale ili kidole kisipotee.

---

penseli_laini

Nimeelewa. La mwisho: kwa anayetumia mkono wa kushoto, nibu inasukumwa badala ya kuvutwa. Afanyeje?

---

mkono_wa_wino

Ageuze karatasi kufuata mwelekeo wa mishale ya saa, nyuzi 45 hadi 90, mpaka mstari wa kushoto kwenda kulia uwe unashuka kuelekea kifuani. Hapo nibu inavutwa kama kawaida. Aanze ukurasa kutoka fremu ya kulia kwenda kushoto ili kiganja kisipite juu ya wino mbichi, na aweke karatasi chakavu chini ya kiganja. Taa iwe upande wa kulia, la sivyo kivuli cha mkono kitaangukia palepale ncha inapogusa.